Mjomba na meli za shaba

Likizo ile ya form five nilikaa Nungwi kwa mjomba wangu, fundi wa majahazi, nikawa nasoma gazeti la Kiingereza kurasa za uchumi, sasa kuna makala ikasema serikali imetoa dhamana ambayo ni copper-bottomed, neno kwa neno ni "yenye shaba chini". Kamusi ikaniambia madhubuti, ya kuaminika, basi. Ila mi shaba ikanikaa kichwani, imeingiaje kwenye mambo ya pesa?

Jioni nikamfata ufukweni, maji yametoka, jahazi limelala ubavu, anapaka deheni, ile shahamu na chokaa, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Nikamuuliza mjomba, chombo kikiwekwa shaba chini inakuwaje? Hakunijibu, akaokota ubao aliokuwa ameubandua, akaupasua kwa tezo. Nje vitundu vidogo hata huvioni vizuri, ndani sasa ubao wote umeliwa, njia kila upande, na kila njia imepakwa kitu cheupe kigumu kama ganda la yai.

"Huyu mdudu ndo anaemaliza vyombo, mwanangu. Shaba hawezi kuila." Akageuza ule ubao, akafikiri. "Lakini misumari walipigilia ya nini? Kama ya chuma, ikigusana na shaba maji chumvi yataila yote."

Wallahi sijasahau, maana baadae nilivyosoma historia yake nikakuta ndo hivyohivyo. Jeshi la majini la Uingereza lilijaribu mabamba ya shaba mwaka 1761 kwenye meli HMS Alarm, mdudu akashindwa, majani ya baharini hayakushika, ila walivyokuja kuikagua wakakuta misumari ya chuma imeoza palipogusana na shaba, na ilopona ni ile iliyobaki na karatasi la kufungia mabamba katikati. Hata hivyo kuanzia 1779 wakaziwekea shaba meli zao kwa wingi, zikawa zinakwenda mbio na kudumu, ndo jina likahama kutoka melini mpaka kwenye dhamana na biashara za kuaminika. Mjomba aliijua hiyo ya mdudu na misumari bila kitabu, kwa mikono yake tu, na mimi namheshimu sana kwa hilo.

Likizo ilofuata nikampelekea habari. Akauliza sasa wakafanyaje na misumari? Nikamwambia walitengeneza ya shaba iliyochanganywa na madini mengine, isigombane na mabamba. Akatikisa kichwa, akasema hapo sawa, halafu akaniuliza shaba siku hizi kilo shingapi.