Mashine ya pauni 55

Januari 2018 nilikuwa navuta pakiti moja kwa siku, sigara 20, na pale Leicester, Uingereza, pakiti ilikuwa inakaribia pauni 10. Usiku ghalani, kati ya boksi na boksi, nikianza kupiga hesabu ya mwezi naona haya kuimaliza. Mke wangu hakuhitaji hesabu. Alishaniambia koti langu lilale nje, na nikizidi kumnukia nitalifuata hukohuko.

Basi Jumamosi moja, mshahara umeingia, nikaamua kuacha sigara kwa vepu, zile sigara za umeme za kuvuta mvuke, nikatumbukia duka la kwanza nililokutana nalo. Sikuuliza la maana hata moja. Macho yalishachagua: limashine kama tofali, betri mbili, kioo kinameta rangi zote, wati zaidi ya 200. Kijana wa dukani alikuwa na foleni ya wateja. Akanitajia bei, pauni 55, nikalipa, na betri mbili za akiba juu yake. Maji yake, ambayo wenyewe huyaita juisi, nilijitwalia rafuni. Kulikuwa na chupa za nikotini 3, za 6 na za 18, yaani miligramu kwa kila mililita. Nikajiambia, mimi mtu wa pakiti nzima, hiyo 3 itanifanya nini? Nikabeba 18.

Kufika kituo cha basi nikashindwa kungoja. Nikajaza tangi palepale, nikabonyeza, nikavuta. Mkupuo wa kwanza ulikuwa ladha ya pamba iliyoungua, kama mtu kachomea godoro kooni mwangu. Nikadhani ndivyo inavyokuwa mwanzo, nikavuta wa pili, huo wa nguvu. Mate yakanijaa mdomoni, kijasho chembamba kikanitoka kwenye baridi ile, na nyumba za ng'ambo ya barabara zikaanza kutembea. Nikakaa chini. Basi langu likaja, likafungua mlango, likafunga, likaenda zake. Bibi mmoja wa Kizungu akaniuliza kama aniitie gari la wagonjwa. Nikamwambia ni njaa.

Jioni nikampigia shemeji, kaka yake mke wangu, mtu wa Tanga, anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Yeye mwaka mzima alikuwa akijigamba kwamba vepu ndiyo iliyomtoa kwenye sigara. Akaja na kandambili juu ya soksi, theluji iko nje.

"Shemeji, hii umeuziwa au umeiokota?"

Kabla hata ya kuigusa akauliza betri za akiba ziko wapi. Nikazitoa mfuko wa suruali, zimechanganyika na funguo na sarafu. Akanyamaza. Akachukua moja, akaigeuza chini ya taa ya jikoni, akanionyesha kwa ukucha: ile ngozi ya plastiki ilikuwa imechunwa na ufunguo, karibu kabisa na kichwa.

"Hili bati lote unaloliona ni hasi. Chanya ni hiki kichwa tu. Ngozi ikichanika hapa, ufunguo ukagusa huku na huku, suruali inawaka nawe umo ndani. Halafu mimi dada yangu nitamwambia nini?"

Betri ile akaitenga ikatupwe mahali pa kutupia betri. Tangu siku hiyo za akiba natembea nazo kwenye kikasha cha plastiki, kitu cha pauni moja, ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu pale kaunta.

Kisha akashika chupa. Akasoma 18. Akacheka mpaka akavuta kiti.

"Ulitaka kuacha sigara, shemeji, au ulitaka kuacha dunia?"

Somo alilonipa nilielewa kwa sababu ya shisha. Desemba iliyotangulia serikali ya Kenya ilikuwa imeipiga marufuku, na simu yangu ilijaa vilio vya marafiki wa Mombasa. Akaniuliza: sigara unaivutaje? Unakusanya moshi mdomoni kwanza, ndipo unaushusha. Na shisha? Shisha hakuna kituo, pumzi moja mpaka kifuani. Kumbe vepu nazo ni hivyo, ziko za mdomoni na za kifuani. Za mdomoni koili yake, yaani ule waya wenye pamba unaochemsha maji, ni ya omu 1 na kupanda (omu ni kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme), tundu la hewa jembamba, mvuke mdogo, na hizo ndizo zinazochukua nikotini kali. Za kifuani koili yake iko chini ya omu 1, moto mwingi, hewa nyingi, mvuke wa kujaza chumba. Mimi nilinunua ya kifuani yenye koili ya 0.2, nikaitilia maji ya mdomoni. Kila pumzi ilikuwa inashusha nikotini mara kadhaa ya ile niliyodhani. Tena maji yale yalikuwa mepesi, yakapenya matundu makubwa ya koili na kulowesha mfuko wa koti.

Jumapili tukaenda wote duka jingine. Mara hii macho yangu sikuyapa ruhusa. Shemeji akaomba kitu kinachofanana na kalamu nene: betri yake ndani kwa ndani, kitufe kimoja, ukibonyeza mara tano inawaka, hakuna wati za kuchezea, koili ya 0.3. Pauni 25. Nilikiona kama toi la mtoto, nikanyamaza. Koili za akiba tukachukua pakiti moja, maana koili si ya kudumu. Ladha ikianza kuungua, unabadili.

Maji ndiyo yaliyonichanganya. Sheria ya huko ilishaweka kwamba tangi lisizidi mililita 2, chupa yenye nikotini isizidi mililita 10, na nikotini isipite miligramu 20 kwa mililita. Wafanyabiashara nao hawalali. Wanauza chupa ya mililita 60 yenye maji 50 yasiyo na nikotini, halafu kando kichupa cha 10 chenye 18. Unamimina, unatikisa, inatoka 3. Yaani kwa mashine ya kifuani, 18 ileile niliyoikumbatia ni kali ya kuzimuliwa kwanza. Maji hayo yana gliserini asilimia 70, ndiyo inayofanya maji yawe mazito na mvuke uwe mnene.

Nyumbani akanikalisha mezani. Akaichukua koili mpya, kijidude cha kuenea kwenye ncha ya kidole gumba, akaniambia niangalie pamba kupitia vile vitundu vya ubavuni. Nyeupe pe, kavu. Tone moja kila kitundu, taratibu, mpaka pamba ikang'aa kama jicho. Ndipo tukafunga, tukajaza tangi, tukaliacha dakika kumi. Zile dakika nilizoziruka kituo cha basi ndizo zilizonichomea godoro.

Nikavuta kama shisha, tundu la hewa limefunguliwa lote. Haikukwaruza. Nilipotoa, jiko likawa ukungu, kengele ya moto ikaanza kupiga kelele, na mke wangu akateremka ngazi na taulo kichwani akiuliza ni nani anayeunguza nyumba. Akanusa. Embe. Akarudi juu bila neno, na kwake yeye hiyo ilikuwa sifa.

Mtu asiyevuta sigara sina la kumwambia kuhusu kalamu ile, aiache ilipo. Mimi nilikuwa na pakiti, na ndani zilibaki saba. Nikaiweka juu ya friji, nionane nayo kila asubuhi. Jumamosi mbili baadaye nikaishusha ili niitupe, nikafungua: zilikuwa nne.

Shemeji ndiye pekee aliyekuwa akija pale jikoni. Nikaitupa, sikuuliza.