Msimu wa Hoki Ukiisha, Watoto Wacheze Nini?

Aprili inapofika hapa Edmonton, Kanada, theluji ikaanza kuyeyuka na kutiririka mitaroni, wazazi wa watoto wanaocheza hoki ya barafu huanza kuulizana watoto hao watacheza wapi mpaka Septemba. Swali hilo nimewahi kulijibu vibaya kabla sijalijibu vizuri, na kwa kuwa familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili huingia katika mchezo huu bila kuwa na mjomba wala shangazi aliyewahi kuucheza, nimeona niandike niliyojifunza kwa watoto wangu watatu, ambao sasa wana miaka 6, 10 na 15.

Nianze na kosa langu. Mwanangu mkubwa alipokuwa na miaka 11, klabu moja ya binafsi ilituambia kwamba mtoto asiyecheza ligi ya Aprili na Mei ataachwa nyuma na wenzake, nasi tukaogopa, tukalipa. Akamaliza ligi hiyo, akaingia kambi ya Julai, akaingia nyingine Agosti, na Septemba akarudi kwenye timu yake akiwa amechoka kabla ya msimu kuanza, huku akilalamika maumivu ya kinena. Mtaalamu wa viungo alitueleza kwamba mtelezaji huusukuma mguu nje na nyuma kwa mwendo ule ule maelfu ya mara, na kwamba nyonga ya mtoto anayekua huhitaji muda wa kupumzika na mwendo huo. Kilichoniuma zaidi, hata hivyo, ni kumwona akitafuta visingizio vya kutokwenda mazoezini, yeye ambaye zamani alilala na gongo lake kitandani.

Baadaye nilisoma mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na chama cha kitaifa cha madaktari wa watoto cha Marekani. Unashauri kwamba mtoto apumzike na mchezo wake mkuu kwa jumla ya miezi 3 kila mwaka, hata kama ni mwezi mmoja mmoja, awe na siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na asibobee katika mchezo mmoja tu kabla ya kufika miaka 15 au 16. Kupumzika huko hakumaanishi kukaa kitako, kwani anaruhusiwa kucheza michezo mingine.

Kwa mtoto wa miaka 6 sioni haja ya barafu hata kidogo wakati wa kiangazi. Hata katikati ya msimu, watoto wa umri huo hucheza kwenye sehemu tu ya uwanja, kwa sababu wanachohitaji ni kuugusa mchezo mara nyingi na kufurahi. Binti yangu mdogo anaogelea, anaendesha baiskeli, na jioni tunacheza rede nyuma ya nyumba kama nilivyoicheza Tanga: wawili wanarusha mpira, wa katikati anaukwepa. Hakuna kocha aliyenituma kufanya hivyo, lakini mtoto anayecheza rede hujifunza kuinua kichwa, kugeuka ghafla na kusimama tena bila kuanguka, na hayo ndiyo anayoyahitaji akirudi kwenye barafu.

Umri wa kati, tuseme miaka 9 hadi 12, ndio wenye chaguo nyingi zaidi, na mimi naupendelea mchezo wa lakrosi, ambao mpira hudakwa na kurushwa kwa gongo lenye wavu. Ni mchezo wa watu wa asili wa nchi hii, na sheria ya mwaka 1994 iliutambua kuwa mchezo wa taifa wa Kanada wa kiangazi, huku hoki ikiwa wa majira ya baridi. Lakrosi ya ndani huchezwa katika kumbi zile zile za hoki baada ya barafu kuondolewa, wachezaji watano na kipa kwa kila upande, hivyo mtoto anajifunza kuulinda mpira kwa mwili, kutafuta nafasi na kupasiana katika eneo finyu bila kuvaa viatu vya barafu. Gwiji wa hoki Wayne Gretzky mwenyewe alicheza lakrosi na besiboli utotoni. Siku nyingine mwanangu hucheza hoki ya mpira mtaani na majirani, ambapo mmoja akipaza sauti kwamba gari linakuja, magoli husogezwa na mchezo huendelea likishapita. Viatu vya magurudumu navyo vinafaa sana, na mwenye shaka awatazame Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Nairobi, ambao baadhi ya wachezaji wao walianzia kwenye magurudumu kabla ya kuingia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari.

Kijana wa miaka 15 ana mahitaji mengine. Hockey Canada, chama kinachosimamia hoki nchini, iliondoa kugongana kwa miili kwa walio chini ya miaka 13 mwaka 2013, lakini juu ya umri huo, katika ligi za ushindani, kijana hukutana na wenzake wenye miili mikubwa, kwa hiyo kiangazi ni wakati wa kujenga nguvu. Mkubwa wangu hufanya mazoezi mara tatu kwa wiki chini ya mkufunzi aliyemfundisha kwanza kuchuchumaa na kuinuka vizuri bila uzito wowote, kisha mbio fupi na kunyoosha nyonga. Jioni hucheza kandanda na vijana wa Kikongo na Kirundi, kwa kuwa mwezi Juni jua hapa huzama karibu saa nne usiku. Aliye kipa anahitaji uangalifu zaidi, kwani kupiga magoti kwa kutanua miguu kunazielemea sana nyonga, na kurusha mpira wa tenisi ukutani na kuudaka kunamtosha kwa miezi miwili.

Mwaka huu vifaa vyote viko stoo tangu Aprili. Juzi mkubwa alinijia jikoni akaniomba nimwandikishe kambi ya wiki moja mwishoni mwa Agosti, na safari hii wazo lilikuwa lake mwenyewe.