Dhahabu nyekundu na kipimo cha gizani

Dhahabu ikiwa chembe za nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 16 hivi, umanjano wote hupotea. Majini inafanana na juisi ya rozela. Wekundu huo ndio plasmoni: elektroni za chembe zinayumba pamoja kufuata mwanga, na kijani chenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520 kinanaswa. Titania (oksidi ya titani) ya umbo la fuwele liitwalo anatasi, kichocheo tunachokitegemea kuvunja kemikali kwa mwanga, haipokei mwanga wenye wimbi refu kuliko nanomita 387 au karibu na hapo. Karibu jua lote linaipita bure. Ndiyo sababu tunaibandika dhahabu juu yake.

Chembe zenyewe hazisumbui. Njia ni ya Turkevich, tangu 1951, na vipimo ni vya Frens, 1973. Mililita 50 za asidi ya kloroauriki (ndiyo yenye dhahabu) ya asilimia 0.01 zichemke hasa huku zikikorogwa, kisha imiminwe mililita 1 ya sitrati ya sodiamu ya asilimia 1, kwa mkupuo mmoja. Umajimaji hupita kwenye kijivu-buluu kabla ya kutulia kwenye wekundu. Ukitia nusu mililita, chembe hufika nanomita 40 hivi. Ukibaki na zambarau, chembe zimegandana, na wa kwanza kushukiwa ni chumvi au chombo kichafu. Chombo husafishwa kwa asidi ya haidrokloriki sehemu tatu na ya naitriki sehemu moja, ndani ya kabati la kuvuta moshi. Mchanganyiko huo usifungiwe chupani. Gesi yake hupasua chupa.

Kubandika ndiko kugumu. Elektroni lazima iruke kizingiti cha nishati cha takriban elektronivolti 1 kati ya dhahabu na titania, na sitrati iliyobaki imekaa katikati kama pazia. Ukiichoma kwa nyuzi 300 za Selsiasi inaondoka, lakini kama kuna kloridi iliyobaki kutoka kwenye asidi ya dhahabu, dhahabu hukusanyika kuwa madonge. Osha mpaka tone la naitrati ya fedha lisiache weupe kwenye maji ya kuoshea.

Kinachonirudia akilini kila mara ni joto. Plasmoni hufa ndani ya femtosekunde chache au makumi, na baada ya pikosekunde chache (pikosekunde moja ni femtosekunde elfu, sehemu ya trilioni ya sekunde) nishati ya elektroni imeshahamia kwenye chembe yenyewe. Sehemu kubwa ya mwanga tulioununua kwa taa ghali inaishia kupasha moto. Basi mmenyuko ukienda kasi, nani kaufanya? Watu huchora kasi dhidi ya rangi za mwanga, wakiona kilele kwenye 520 wanashangilia. Mimi sishangilii: joto nalo lina kilele palepale. Rudia gizani, kwa halijoto ileile ya uso wa kichocheo; kasi ikiwa ileile, joto ndilo lililofanya kazi. Kipimajoto kilichotumbukizwa pembeni ya unga wa kichocheo hudanganya. Kisha punguza na uongeze mwanga. Kasi ikipanda kwa mstari ulionyooka, kuna matumaini ya elektroni. Ikipinda juu kwa ukali, shuku joto kwanza.

Methilini ya bluu, rangi ambayo watu huipimia kichocheo kwa kuangalia ikififia, nayo imewaponza wengi. Hunasa mwanga yenyewe kwenye nanomita 664, huweza kuipa titania elektroni zake, na rangi ikafifia bila dhahabu kuhusika. Wakati mwingine imegeuka tu kuwa isiyo na rangi. Tikisa chupa hewa iingie, ubuluu unarudi. Afadhali fenoli, ambayo ikiwa peke yake majini hainasi mwanga unaoonekana, baada ya nusu saa gizani ili kilichonata kwenye unga kisihesabiwe kuwa kimevunjwa.

Fedha hunasa mwanga kwa nguvu kuliko dhahabu, ila hewa huila. Ganda la silika linailinda, na likiwa zima, lisilo na tundu, huzuia elektroni kupita. Hasara hiyo ina faida yake: kasi inayoongezwa na mwanga ikibaki hata baada ya ganda, na joto umeshalitoa kwenye hesabu, basi inatoka kwenye uga wa umeme ulio karibu na chembe.