Mchuzi mmoja, sahani mbili

Ukipunguza wanga na mwenzako bado anataka wali wake, usipike vyungu viwili. Kuku wa nazi anawatosha wote. Kaanga vitunguu 2 na nyanya 3 hadi mafuta yaelee juu, tia kuku, kisha tui jepesi, aive. Tui zito liingie mwishoni, moto mdogo, ukikoroga, la sivyo litakatika. Mwenzako akitaka na viazi, vichemshe kando. Vikiivia mchuzini vinaachia wanga humo.

Wewe badala ya wali katakata kabichi nusu, ndogondogo kama punje, uikaange kwa kijiko 1 cha mafuta, moto mkali, dakika 4, bila kufunika. Chumvi tia unapoepua. Ikitangulia, kabichi hutoa maji, ikalainika ovyo, na mchuzi wote mzuri ule unazimuka sahanini.