Boti ya Mkoani na mwendo wa mwanga

Watu huniambia nadharia ya Einstein ya uhusianifu (relativity) ni ya watu wa hesabu tu. Mimi nasema panda boti Malindi, Unguja, uende Mkoani, Pemba. Bahari ikiwa shwari na boti imeshika mwendo mmoja, mimina kahawa: inashuka wima kikombeni, kama uko barazani kwako. Tende ikikuponyoka inaangukia miguuni pako, haikimbilii nyuma. Ukifunika madirisha, hakuna jaribio la humo ndani litakalokwambia boti inakwenda au imesimama. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliyaandika haya tangu 1632.

Sasa kijana akitembea kuelekea omo, mvuvi kwenye ngalawa anajumlisha mwendo wa kijana na wa boti. Sawa. Lakini kijana akiwasha tochi, kujumlisha kunagoma. Abiria na mvuvi wote watapima mwendo wa mwanga ule ule mmoja, kilomita kama 300,000 kwa sekunde. Hapa ndipo penye utamu wote! Mwendo ni masafa kugawanya kwa muda. Mwendo wa mwanga ukikataa kubadilika, basi masafa na muda ndivyo vibadilike. Einstein alilikubali hilo mwaka 1905.

Na si maneno matupu. Kuna chembe ziitwazo mioni, huzaliwa angani zaidi ya kilomita 10 juu. Umri wake ni mfupi mno: hata zikikaribia mwendo wa mwanga, kwa kawaida zisingevuka mita 700. Lakini nyingi zinafika chini, zinatupitia tuliokaa sitahani, kwa kuwa saa yao, tukiipima sisi, inakwenda polepole.