Nilivyoifuata dhahabu ya Kilwa hadi Lisbon

Kwetu Kilwa mtoto hukua akisikia kwamba mji huu ulikuwa na dhahabu. Anaonyeshwa Msikiti Mkuu wa Kisiwani, anaonyeshwa Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, anasimuliwa habari za masultani na biashara ya Sofala, bandari ya dhahabu iliyo Msumbiji ya leo. Dhahabu yenyewe haonyeshwi, kwa sababu haipo. Mimi nimeiona ukubwani, ndani ya kabati la kioo katika mji mkuu wa Ureno, na safari yangu yote ya Lisbon niliipanga kuizunguka hiyo.

Nilikuwa Ujerumani kwa masomo mafupi, na viza ya Schengen niliyokuwa nayo, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, iliniruhusu kuingia Ureno bila kuomba nyingine. Anayetoka nyumbani kwa safari ya Ureno peke yake ataomba kwa Ureno. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi, na maombi yapelekwe si chini ya siku 15 kabla ya kuondoka. Hizo 15 ni za kwenye karatasi. Jipe miezi miwili.

Kutoka uwanja wa ndege nilipanda metro. Ni njia nyekundu hadi Alameda, kisha unahamia ya kijani mpaka Martim Moniz, chini ya mtaa wa Mouraria. Stesheni mashine zinauza kadi ya Navegante. Unaijaza pesa, na kila kipando kinakatwa humo, iwe metro, basi au tramu. Kila mtu awe na yake. Ukilipa taslimu kwa dereva wa tramu, bei inapanda sana.

Mouraria niliichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni chakula: barabara ya Benformoso imejaa Wabangladeshi na wauza nyama halali, na mtu anakula akashiba kwa pesa ndogo. Ya pili ni historia. Mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques, akisaidiwa na wapiganaji wa vita vya msalaba, aliutwaa mji huu kutoka kwa Waislamu waliokuwa wameutawala kwa karne kadhaa. Waislamu waliobaki walitengewa mtaa chini ya ngome, na ndio huu. Nilitaka kuanzia hapo, kwa watu walioshindwa, kabla sijaenda kutazama minara ya washindi.

Kwenye duka moja la viungo nilimkuta mzee wa Cabo Delgado, Msumbiji. Alinisikia nikizungumza kwenye simu, akanijibu kwa Kimwani, lugha ya pwani yao iliyo jirani na Kiswahili, na kwa muda mfupi tulikuwa tukielewana vizuri kabisa. Nilipomwambia nataka kupanda ngomeni, akanishika bega: “Mwanangu, usipande kwa miguu. Kuna lifti za bure.” Kweli zipo. Ya kwanza unaiingilia kwenye jengo la barabara ya Fanqueiros, inakutoa barabara ya Madalena. Unatembea kidogo hadi Largo Chão do Loureiro, penye duka kubwa la vyakula, na humo kuna nyingine inayokufikisha karibu na ukuta wa ngome ya São Jorge. Wageni wengi hawazijui, wanabanana kwenye tramu namba 28, mahali wezi wa mifukoni wanapojipatia riziki. Ile 28 ni nzuri, lakini ipande alfajiri. Na uvae viatu vyenye soli inayoshika, kwa sababu vijia vya Lisbon vimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi ambavyo mvua ikinyesha vinateleza vibaya mno.

Sasa nije kwenye dhahabu.

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, yako barabara ya Janelas Verdes. Nilipanda tramu ya 15 kutoka Praça da Figueira, nikashuka Cais da Rocha, nikapanda ngazi hadi bustanini. Jumatatu hufungwa. Watu wengi wanakwenda pale kwa michoro, hasa ule wa mchoraji Bosch wa majaribu ya Mtakatifu Antoni. Mimi niliuliza mlangoni: Custódia de Belém iko wapi? Nikaelekezwa.

Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi, yaani mkate mtakatifu. Kimo chake ni kama sentimita 73, dhahabu tupu iliyopambwa kwa rangi za enameli. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka kioo cha katikati, na juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Kwenye kitako kuna ndege na maua, madogo mpaka inabidi uiname. Mfua dhahabu aliitwa Gil Vicente, na kazi yake ni ya kustaajabisha. Hilo nalisema kwa moyo mmoja. Kisha ukizunguka unakuta maandishi: mfalme Manuel wa Ureno aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa, kikamalizika mwaka 1506.

Quíloa ni Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga mbele ya mji wetu na mizinga yake, akamlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi kwa dhahabu. Miaka mitatu baadaye alikuja Francisco de Almeida, mji ukaporwa, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakajenga ngome. Hawakudumu, mwaka 1512 waliondoka. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Lakini kusoma hakukuniandaa kusimama hatua moja kutoka kwenye ile dhahabu yenyewe, yenye jina la mji wetu. Nilikaa pale muda mrefu. Nilihisi fahari na uchungu kwa pamoja, na sikuona sababu ya kuchagua kimoja.

Nilipotoka nilipanda tramu ileile ya 15 kuendelea hadi Belém, mtaa wa kando ya mto ulio magharibi mwa mji. Mpangilio huo ndio ninaousihi kwa kila Mswahili atakayefika Lisbon: makumbusho kwanza, Belém baadaye. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwaka 1501, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye asilimia tano ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki. Ukiingia kanisani, karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama, na ng'ambo yake kaburi la mshairi Camões. Watu wanajazana hapo na simu. Wachache wanafika mbele madhabahuni, alikolazwa Manuel mwenyewe, na jeneza lake la mawe limebebwa na tembo wa marumaru. Ile monstransi aliiacha kwa monasteri hii katika wasia wake. Baada ya kutoka makumbusho, nguzo zile zilizochongwa kama kamba za meli huzitazami kama mapambo tu.

Mnara wa mabaharia ulio ufukweni, wa mwaka 1960, haukunigusa. Mbele yake sakafuni pana ramani kubwa ya dunia ya marumaru, zawadi ya Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi. Nilisimama juu ya pwani yetu, nikapiga picha, nikaondoka.

Saa zilizobaki nilizipeleka magofu ya Carmo, kanisa lililoanguka katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Paa halikurudishwa, na matao yanasimama wazi chini ya mbingu. Chini yake mtaa wa Baixa ulijengwa upya kwa mistari iliyonyooka chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, na ndani ya kuta wakaweka fremu za mbao ili nyumba zihimili tetemeko jingine.

Picha za ile monstransi nilimtumia binamu yangu anayetembeza wageni Kisiwani. Sasa anapowafikisha Gereza, ngome ya pale ufukweni, anatoa simu na kuwaonyesha maandishi yenye jina la Kilwa, kisha anawaambia mahali ilipo, na siku ambayo mlango hufungwa.