Kutoka Tabora hadi Kibirizi na mdogo wangu kiziwi

Treni ya Kigoma ikishaondoka Tabora na giza kuingia, mdogo wangu hutafuta kiti chini ya taa. Ni kiziwi, pasipo mwanga hakuna maongezi. Safari hii tulikuwa tunafuata dagaa, na njia nzima tulipanga bei kwa mikono.

Mama mmoja aliyepandia Urambo alitutazama weee, kisha akaniuliza: "Samahani mwanangu, lugha hiyo si ni moja dunia nzima? Huyu hata Ulaya ataelewana nao?"

Nilipomkalimania, mdogo wangu alitikisa kichwa kwa nguvu, akaniashiria nimweleze mama vizuri. Nikamweleza. Waingereza na Wamarekani wanasema Kiingereza, lakini viziwi wao kila mmoja ana lugha yake: Mwingereza huonyesha herufi kwa mikono miwili, Mmarekani kwa mmoja. Alama za Marekani zina undugu na za Ufaransa, kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Paris, alishiriki kuanzisha shule ya viziwi ya Hartford, Marekani, mwaka 1817. Palipo na shule na viziwi wanaoishi pamoja, ndipo lugha ya alama inapokua. Shirikisho la Viziwi Duniani linataja lugha za alama zaidi ya 300.

"Na hii yenu?" Hii ni ya Tanzania. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa palepale Tabora mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki, na mdogo wangu amesoma hapo. Mama akasema hakulijua hilo, naye ni mtu wa Tabora.

Uvinza tulipita nimesinzia.

Kibirizi, mwalo wa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, kwenye maboti ya Burundi na Kongo, mdogo wangu alimwona kijana akiongea na mwenzake kwa alama. Mkongo. Akamfuata mbio, akamsalimu, akauliza bei. Kijana akakunja uso. Alama ya bei haikufika, ya dagaa nayo haikufika. Sikushangaa: Andrew Foster, kiziwi Mmarekani mweusi, alianza kufungua shule Ghana mwaka 1957, na alama za Marekani zikasambaa hadi Afrika ya Kati, kwao kijana huyu, tofauti na zetu. (Alifariki mwaka 1987 kwa ajali ya ndege huko Rwanda, si mbali na hapa.)

Lakini hawakuachana. Mdogo wangu alikusanya viganja vikawa boti, akavisukuma mbele huku mashavu yamejaa upepo: ziwa limechafuka? Nyusi juu, ndiyo swali lenyewe. Kijana akaitikia, akachora tarakimu mchangani. Kabla chai haijapoa walishapeana alama kadhaa, huyu akijaribu ya mwenzake, na bei ikashuka. Mimi ninayesikia, na Kifaransa sijui, nisingefika popote.

Hilo lilinifurahisha, ila bei ya dagaa ni jambo dogo. Mkoa huu una kambi ya Nyarugusu, iliyopokea wakimbizi wa Kongo na Burundi. Kiziwi akitoka huko akafika kwa daktari au polisi, akaletewa mkalimani wa alama za Tanzania peke yake, watu watadhani ameshahudumiwa. Maelezo ya ugonjwa hayachorwi mchangani. Atafutwe kiziwi wa kwao akae kati yake na mkalimani, na alipwe kama mkalimani mwingine yeyote.

Mdogo wangu na yule kijana sasa hupigiana simu za video. Mzigo uliofuata aliuagiza mwenyewe.